Viraka vya pasi: kabla hujatoa hela, angalia ukingo

Nembo ya kubandika kwa pasi kwenye sweta la mwanangu ilikaa siku kumi na moja. Siku ya kumi na mbili alirudi kutoka shule kiganja kikiwa kifuani, hataki kukitoa, na nilipokitoa nikaona pembe ya chini ya nembo imejikunja kuelekea juu kama jani la mhindi lililokosa mvua. Ndani ya mkunjo ule kulikuwa na mstari mwekundu. Vumbi letu la Dodoma lilikuwa limeingia chini ya nembo, likanata kwenye gundi, likaganda hapo. Niliosha kwa sabuni ya unga, nikasugua kwa mswaki wa zamani, mstari haukutoka. Mwalimu wa zamu alikuwa amemwambia asirudi na sweta chafu. Sweta lilikuwa safi, nimelifua mwenyewe kwa mikono yangu. Kilichokuwa kichafu ni gundi.

Nembo zile nilinunua tatu, shilingi 3,500 kila moja, kwenye duka ambalo barua ya shule ilituelekeza. Nilipiga pasi kama muuzaji alivyoniambia, nikasubiri ipoe, nikamvalisha mtoto Jumatatu. Kwa hiyo niliposhika wembe usiku ule kuibandua, nilitaka kuona ni wapi nimekosea. Katikati ilikuwa imeshika kweli, ilitoka na manyoya ya sweta. Lakini kuzunguka pembeni pote, upana wa karibu nusu sentimita, hapakuwa na unyoya hata mmoja. Gundi ya ukingoni haikuwahi kugusa sweta. Haikubanduka kwa kufuliwa, wala mtoto hakuichezea. Haikuwahi kushika tangu siku ya kwanza.

Nilipoweka picha ya lile sweta, ujumbe wenu ulimiminika. Mama mmoja wa Kondoa ameniandikia kwamba kiraka cha goti kwenye jinzi ya mumewe kimeanza kupiga makofi akitembea. Mwanafunzi wa pale Chimwaga alinunua vitano vilivyoandikwa kuwa ni vya pasi, akapasi mpaka kitambaa kikabadilika rangi, kumbe nyuma hakuna gundi kabisa, ni plastiki ya kukaza tu. Mwingine wa Mpwapwa alipoteza sweta zima: pasi ya mkaa ilipotua juu ya nembo, nyuzi za sweta zililala zikawa bapa, zinang'aa, hazikuinuka tena. Tangu hapo nimekuwa nikinunua, nikibandika, nikifua na kuanika, na ninachowaandikia leo ni kile nilichokiona kwa macho yangu.

Rangi, ukubwa, picha ya ua au ya simba, hayo mtachagua wenyewe. Mimi nataka tuzungumze ukingo, maana sijaona mnunuzi hata mmoja anayeuangalia, na wauzaji hawautaji.

Kiraka cha kudarizi kina kingo za aina mbili. Kuna ukingo wa kuzungushiwa uzi, mnene, unajaa kidoleni kama kamba ndogo. Viwandani huitwa kwa jina la Merrow, kampuni ya Marekani iliyojulikana kwa mashine zake za kushona pindo. Ni ukingo mzuri kwa macho, haufumuki, na kwa kiraka cha kushona sina neno nao. Lakini ule unene ndio unaokinyanyua kiraka. Gundi imepakwa kwenye kitambaa kilicho ndani ya ile kamba, na kamba imesimama kama ukuta wa kisima, kwa hiyo ukikilaza juu ya nguo, gundi ya karibu na ukingo inaning'inia hewani. Unaweka pasi, katikati inabonyea na kushika, pembeni haishiki. Aina ya pili ni ukingo bapa, uliokatwa kwa moto au kwa miale ya leza, na uzi wa kudarizi umeishia pale pale kitambaa kinapoishia. Huo unalala, na gundi yake inafika mwisho.

Kuvitofautisha hakuhitaji utaalamu. Ukiwa mbele ya meza ya muuzaji, toa simu, laza kiraka juu ya kioo, uso ukiangalia juu, kisha inama mpaka macho yako yawe usawa mmoja na simu. Ukiona mwanga unapita chini ya ukingo, kirudishe. Halafu kigeuze. Gundi inang'aa kidogo, ni laini kama sehemu ya ndani ya mfuko wa maziwa, na ukikwaruza kwa kucha inaacha mstari mweupe. Fuata ule mng'ao mpaka uone unaishia wapi. Kama unaishia kabla ya ukingo, na pembeni pamebaki njia kavu ya uzi, umeshajua vumbi litaingilia wapi. Na kama hakuna mng'ao kabisa, kucha inateleza tu kwenye plastiki ngumu, hicho ni kiraka cha kushona, hata kama mwenye meza anaapa.

Najua kuna watakaosema nimeng'ang'ania kitu kidogo. Wakae Dodoma mwezi wa saba. Upepo unatoka asubuhi, vumbi linapanda mpaka kwenye pazia za madirisha yaliyofungwa, na nguo iliyoanikwa saa nne, saa sita imekauka na ina vumbi jipya. Mahali penye mvua nyingi, ukingo ulioachia kidogo unaweza kukaa miezi bila kuonekana. Hapa kwetu unaonekana wiki ya kwanza, kwa sababu gundi iliyo wazi inakamata vumbi na hailiachi. Tena sisi wengi hatufui kwa mashine. Tunaloweka, tunafikicha, na kufikicha ni ngumi mbili zinazosuguana na kitambaa kikiwa katikati. Ukingo ulioinuka hata kidogo tu, vifundo vya vidole vinauchukua kila mara. Kwa hiyo ukingo kwangu ndio kipimo cha kwanza, mengine yafuate.

Sasa tuvipange.

Namba moja, na sifichi mapenzi yangu, ni viraka vya Prym. Hii ni kampuni ya Ujerumani, ya mji wa Stolberg, inayohesabu mwanzo wake tangu mwaka 1530, na mafundi wengi duniani wanaijua kwa vifungo vya kubonyeza, sindano na vikorokoro vya cherehani. Viraka vyao ninavyovisema si vya picha. Ni vipande vya pamba tupu au vya jinzi, vyenye gundi nyuma nzima, unakata mwenyewe umbo unalotaka. Hapo ndipo waliponiteka. Ukikata kwa mkasi, ukingo wako ni pale mkasi ulipopita, na gundi inaishia hapo hapo. Hakuna kamba wala ukuta. Wifi yangu aliniletea pakiti mbili alipokuja likizo, moja ya jinzi ya bluu iliyokoza, nyingine ya pamba nyeusi. Ile ya jinzi niliibandika kwenye goti la suruali ya kijana wangu mkubwa, anayeshinda kwenye baiskeli kati ya Nkuhungu na mjini, na mpaka leo ninapoandika nimeifua mara nyingi kiasi kwamba suruali yenyewe imepauka kuliko kiraka. Nimepitisha ukucha kuzunguka ukingo wote jana jioni. Ukucha haukupata pa kuingia.

Shida ya Prym ni upatikanaji. Sijavikuta kwenye meza yoyote hapa mjini, na ukiagiza kwa mtu anayetoka nje, mwambie aangalie pakiti ina alama ya pasi, maana kampuni hiyo hiyo inauza pia vya kushona. Bei yake si ya kitoto. Lakini kipande kimoja kikubwa kinatoa magoti manne na viwiko viwili, na mimi nimekwisha kupiga hesabu ya nembo tatu za 3,500 zilizodumu siku kumi na moja.

Namba mbili ni njia ya mafundi, na kama huna wifi Ulaya, hii ndiyo yako. Unanunua gundi yenyewe ikiwa kwenye karatasi, halafu kiraka unatengeneza kwa kitambaa chako. Kuna Bondaweb ya Vlieseline, nayo ya Ujerumani, na kuna HeatnBond ya Marekani. Ukipata HeatnBond soma jina kamili kabla hujalipa. Yenye neno Ultrahold inashika sana lakini haitakiwi kushonwa juu yake, inanata kwenye sindano ya cherehani na uzi unaanza kuruka. Yenye neno Lite ndiyo ya kubandika kisha kushona. Nimeona dada zangu wawili wakigombana na fundi bure kwa sababu walimpelekea Ultrahold, sindano zikavunjika, kila mmoja anamlaumu mwenzake.

Ile gamu ya kola ambayo mafundi wetu wanayo kila siku, ile nyeupe yenye vitone vya gundi upande mmoja, haifai kwa kazi hii. Ina gundi upande mmoja tu, kazi yake ni kukaza kitambaa, siyo kuunganisha vitambaa viwili. Karatasi tunayoisema hapa inashika pande zote mbili. Unaibandika kwanza nyuma ya kitambaa chako kwa pasi, unakata umbo, unabandua karatasi, unalaza kwenye nguo, unapasi tena. Uzuri wake ni kwamba unakata baada ya gundi kuwepo, kwa hiyo gundi inafika ukingoni bila kubembelezwa. Kitambaa cha kutumia nenda Sabasaba kwenye mitumba, tafuta jinzi nzito iliyochanika makalio lakini mapaja yake mazima. Suruali moja ya bei ya chini inakupa viraka vya mwaka mzima. Kwa sare ya shule, usitupe sketi iliyokuwa fupi. Kitambaa kilichokwisha kufuliwa kinafanana rangi na sare inayoendelea kuvaliwa, na kiraka hakionekani hata ukisimama karibu.

Namba tatu, viraka vya kudarizi vyenye ukingo bapa. Hivi vipo mjini ukivumilia kuchambua. Vinakaa vizuri kwenye koti la jinzi, kwenye begi la shule, kwenye kofia. Nilibandika ua moja kwenye begi la turubai, limepanda daladala na kushuka karibu kila siku, na halijainuka. Pembe kali ndizo adui hapa. Nyota yenye ncha tano ina mahali patano pa kuanza kubanduka, duara halina hata mahali pamoja. Ukiwa na hiari, nunua lenye mviringo.

Namba nne, vile vyenye ukingo wa kamba, ambavyo ndivyo vimejaa kila mahali, na ndivyo nembo nyingi za shule zilivyo. Nunua kama una sindano na uzi mkononi. Gundi yake ichukulie kama mkono wa kukushikia kiraka kisiteleze wakati unashona, basi.

Zile karatasi za picha za bei ndogo, za plastiki nyembamba, za shilingi mia tano, zinapasuka zikikunjwa na zinabaki vipande vipande kifuani mwa mtoto. Sina zaidi ya kusema.

Lakini kuna jambo la bei linanikaa rohoni. Nembo ile ile ninayouziwa 3,500 hapa, mdogo wangu aliyeko Kariakoo ananitumia picha yake ikiuzwa kwa dazeni, na ukigawanya kwa kumi na mbili unabaki umeshika kichwa. Nikiuliza najibiwa usafiri. Usafiri gani jamani? Lami ipo toka zamani, mabasi yanapishana usiku na mchana, na tangu 2024 treni ya SGR inakuja Dodoma. Nembo dazeni haina uzito wa mkate. Nilipomwambia hivyo kijana mmoja kwenye meza yake akasema, “Mama, hata kukaa hapa kuna gharama.” Nakubali, kukaa kuna gharama, na kijana yule simwonei. Ninayemdai ni aliye juu yake, anayejua kwamba barua ya shule imetaja duka moja tu na mzazi hana pa kwenda.

Na hapo kuna kosa kubwa kuliko bei. Masweta mengi ya shule ni ya akriliki, uzi wa kiwandani usio sufu wala pamba. Geuza lebo ndani ya sweta utaona alama ya pasi yenye nukta. Nukta moja maana yake joto lisizidi karibu nyuzi 110, nukta mbili karibu 150, nukta tatu karibu 200. Akriliki kwa kawaida ni nukta moja. Gundi ya nembo inataka joto la nukta mbili ili iyeyuke na kuingia kwenye nyuzi. Kwa hiyo ukifuata lebo ya sweta, nembo haishiki. Ukifuata nembo, sweta linaharibika kama la yule mama wa Mpwapwa. Mzazi amewekwa katikati, kisha mtoto anaonywa kwenye mstari kwa uchafu. Anayeuza sweta la akriliki pamoja na nembo ya pasi anauza vitu viwili visivyokaa pamoja, na anajua, kwa sababu ana miaka mingi kwenye biashara hiyo. Nembo ya sweta la akriliki ishonwe. Shule zikubali kusema hivyo kwenye barua yao, mstari mmoja tu, tutaokoa masweta mengi.

Nilimpelekea lile sweta fundi wangu wa Makole, mzee ambaye cherehani yake imekaa kwenye baraza ile ile tangu sijaolewa.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba mwanangu. Leo umeleta nini?”

Nikampa. Hakuangalia mbele. Aliligeuza, akapitisha kidole gumba pale nembo ilipokuwa, akanusa, akasema, “Hii umeipigia pasi juu ya godoro.”

Nikashangaa amejuaje. Niliipigia juu ya godoro kweli, na blanketi limekunjwa mara mbili. Akaniambia godoro linameza uzito, pasi inazama badala ya kukandamiza, na joto nalo linapotelea humo. Akanionyesha ubao wake, mbao tupu imevishwa kitambaa kimoja chembamba cha pamba. Nilirudi nyumbani nikajaribu mezani, kitambaa kimoja tu chini, na tofauti niliiona kwa kiraka kile kile cha namba nne: upana usioshika ulipungua nusu. Haukuisha, maana ukingo wa kamba ni ukingo wa kamba, lakini ulipungua. Kwa hiyo sehemu ya kosa ilikuwa kwangu, na muuzaji angeweza kuniambia kwa sentensi moja wakati anapokea hela.

Basi kuhusu kupasi. Nguo ifuliwe kwanza, hata ikiwa mpya, kwa sababu nguo mpya na kitenge kipya vina wanga wa kiwandani unaozuia gundi. Usitumie sabuni ya kulainisha nguo katika ufuaji huo, inaacha utando unaoteleza. Ikauke kabisa. Kata pembe za kiraka ziwe duara, na kiraka kizidi tundu kwa sentimita moja na nusu hivi kila upande. Kama kuna tundu, weka karatasi ndani ya mguu wa suruali, la sivyo gundi itapenya na kuunganisha mbele na nyuma, utalazimika kuchana.

Pasi ya umeme iwe kavu, bila mvuke, labda kama maelekezo ya gundi yako yanataka kitambaa chenye unyevu, kama yale ya Bondaweb. Iwashe mapema na usubiri ile taa izime, hasa jioni umeme unapokuwa mdogo na pasi inachelewa kupata moto. Weka kitambaa chembamba cha pamba juu ya kiraka, kipande cha kanga iliyochakaa kinatosha. Kisha kandamiza. Usiburute. Tumezoea kuburuta pasi, mkono unaenda wenyewe, lakini hapa kuburuta kunasogeza kiraka wakati gundi ni uji. Kandamiza kwa uzito wa mwili, hesabu polepole mpaka kumi na tano au kadiri pakiti inavyosema, inua, hamia. Kama pasi yako ina matundu ya mvuke, rudia ukiwa umeisogeza kidogo, kwa maana chini ya tundu hakuna chuma na mahali hapo gundi haikupata moto. Nimewahi kubandua kiraka nikakuta vidoti vya gundi nzima vimepangana sawasawa na matundu ya pasi yangu.

Malizia ukingoni. Hapa ndipo ninapowaomba msiwe na haraka. Ncha ya pasi, polepole, kuzunguka kiraka chote, ukikandamiza pindo peke yake. Geuza nguo, kandamiza kwa ndani pia. Halafu iache palepale mezani ipoe mpaka ukiigusa ni baridi. Kiraka cha moto hata kama kimekaa, gundi yake bado haijaganda, na ukikiinua kukijaribu unakiharibu wewe mwenyewe.

Pasi ya mkaa ina heshima yake katika kazi hii, kwa sababu ni nzito, na uzito ndio tunaoutaka. Tatizo ni kwamba haina kipimo cha joto. Mimi huijaribu kwenye kipande cheupe cha pamba: nikihesabu mpaka kumi na kipande kimeanza kuwa cha kahawia, inangoja ipoe. Futa tako lake kwa kitambaa chenye unyevu kabla ya kila mkandamizo, na usiitingishe juu ya nguo, majivu yakiingia chini ya kiraka ni sawa na vumbi. Kwa poliesta kuwa mwangalifu zaidi. Kitambaa chenyewe huyeyuka kwenye nyuzi 250 na kitu, lakini kinaanza kung'aa na kujikunja mapema kabla ya hapo. Koti la mvua la nailoni usijaribu kabisa.

Baada ya kubandika, usifue siku hiyo. Lala nayo usiku, kesho yake na hata keshokutwa ni bora. Ukifua, geuza ndani nje, maji ya baridi au ya vuguvugu, yasizidi nyuzi 40. Najua wapo wanaomwagia mashati meupe maji yaliyochemka ili yang'ae. Shati lenye kiraka cha gundi lisiingie kwenye beseni hilo. Usiloweke usiku kucha. Fikicha kola, fikicha kwapa, kiraka kipitishie kiganja tu. Usikamue kwa kukisokota kiraka katikati. Anika kivulini kama una kivuli, ukiwa umegeuza, na ukipasi shati siku za baadaye pita kwa nyuma au weka kile kipande cha kanga juu.

Kwa magoti na viwiko, hata kwa Prym yangu, naongeza mshono. Goti linakunjwa kila hatua, na gundi yoyote inachoka mahali panapokunjwa. Mshono mmoja kuzunguka, milimita mbili kutoka ukingoni, fundi wangu ananitoza shilingi elfu moja, na nikishona kwa mkono ni muda wa kungoja wali uive.

Wengi mmeuliza namna ya kutoa kiraka kilichoharibika bila kuacha ngozi ya gundi. Usivute kikiwa baridi, utatoka na nyuzi za nguo kama nilivyotoka nazo mimi. Weka pasi juu yake mpaka gundi ilainike, anza na pembe iliyokwisha kuachia, vuta polepole kikiwa bado na moto. Gundi itakayobaki weka karatasi ya kaki juu yake, ile ya bahasha, pasi juu ya karatasi, inua karatasi ikiwa ya moto. Itaondoka na gundi. Badilisha upande safi, rudia. Kwa sweta la akriliki fanya hivyo kwa moto mdogo na kwa kugusagusa tu, ukiangalia nyuzi zisilale. Mimi nilitumia bahasha mbili. Ule mstari mwekundu ulitoka na karatasi ya tatu, na Jumamosi nembo mpya ilishonwa mahali pale pale, kwa uzi wa bluu, gundi ikiwa haijaguswa na moto.